Mzee wa Historia Anajibu: Naiti Aliyeweka Ardhi Rehani Aende Vitani

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari za Jean de Joinville, naiti (mpiganaji wa farasi mwenye cheo) na bwana mmoja wa Champagne kule Ufaransa aliyekwenda Vita vya Msalaba, vile vya Wakristo wa Ulaya dhidi ya Waislamu kule Mashariki, na mfalme Louis IX, nikasema mkitaka zaidi niulizeni. Mmeuliza kweli! Barua zingine nimeziunganisha maana zilikuwa zinauliza kitu kilekile. Kwa aliyelikosa toleo lile, huyu bwana alizaliwa karibu 1224 au 1225 akafariki 24 Desemba 1317, yaani alivuka miaka tisini, na uzeeni akasimulia aliyoyaona kwa macho yake, mambo ya mfalme na mambo yake mwenyewe yamechanganyika humohumo, ndo maana tunajua hadi blanketi alilojifunika siku alipotekwa.

Shikamoo mzee wa historia. Mi kwenye filamu naona manaiti wote ni matajiri, ngome, farasi, watumishi kibao. Huyu Joinville alikuwa na hela kiasi gani, na safari alilipiwa na nani?

Marahaba mwanangu. Hapo ndo penye utamu wa stori yote, maana ukiitoa ardhi kwenye maisha ya huyu mtu humwelewi hata kidogo. Joinville ni mji mdogo kando ya mto Marne, ngome ya ukoo ilikuwa juu ya kilima, na ukoo ulirithishana ardhi pamoja na cheo cha useneshali wa Champagne. Cheo chenyewe kilikuwa cha heshima zaidi kuliko kazi, kwenye karamu kubwa seneshali ndo anasimama mbele ya mkubwa wake anamkatia nyama, na Jean alifanya hivyo mwaka 1241 kule Saumur akiwa kijana ambaye hajawahi hata kuvaa deraya. Baba yake Simon alikufa 1233, mtoto bado mdogo, akakulia karibu na Thibaut wa Champagne, ambaye alikuwa pia mfalme wa Navarre na mtunzi wa mashairi ya mapenzi, kwa hiyo adabu za mabwana wakubwa alizijua mapema.

Sasa tuje kwenye hela. Heshima nyingi, keshi kidogo, ndo hali ilivyokuwa. Mwaka 1248 mama yake alikuwa bado hai na sehemu yake ya mapato ya ardhi ilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo Jean siku anaondoka hakuwa na ardhi ya kumwingizia hata livre 1,000 kwa mwaka (livre moja ni sou 20, sou moja ni denari 12, ili mjue tunahesabu nini). Na kwa mapato hayo alitakiwa kubeba manaiti tisa nyuma yake, na kila naiti ana farasi, ana watumishi, ana tumbo. Mfalme mwanzoni hakuwa amemlipia kitu. Akaenda Metz, Lorraine, akaweka rehani sehemu kubwa ya ardhi yake.

Ila kabla ya hapo kuna jambo alilofanya ambalo mi huwa namvulia kofia. Pasaka ya 1248 aliwaita Joinville watu wake wote walioshika ardhi chini yake, wiki hiyohiyo amezaliwa mtoto wa kiume, basi wakala wakanywa wakaimba siku kadhaa mfululizo, ilipofika Ijumaa akawaambia jamani mimi nakwenda ng'ambo na sijui kama nitarudi, kwa hiyo kama kuna yeyote niliyemdhulumu aje aseme, nitamlipa. Halafu akatoka nje ya kikao ili wajadili bila kumwonea haya, na walichoamua akakilipa bila ubishi. Ndipo akaenda kukopa, maana hakutaka kusafiri na senti ya dhuluma mfukoni.

Na bado hazikutosha! Meli walikodi Marseille kwa kuchangia, yeye na binamu yake aliyekuwa na watu idadi sawa na yake, kila mmoja na manaiti tisa. Kufika Kupro, ameshalipa meli, akabaki na livre 240 tu, na baadhi ya manaiti wake wakaanza kumwambia bosi usipopata hela tunakuacha. Fikiria upo kisiwani, vita haijaanza, Misri hujaiona, jeshi lako linataka kugoma. Bahati yake mfalme alikuwa Nicosia, akamwita, akamchukua kwenye watumishi wake na kumpa livre 800, na mwenyewe anasema hapo akawa na hela kuliko alizohitaji.

Naomba kufahamishwa, kwani naiti wa Ufaransa si moja kwa moja ni mtu wa mfalme wa Ufaransa?

Hapana, na watu wengi wanachanganya hapa. Joinville alishika ardhi kutoka kwa mkuu wa Champagne, mkuu wa Champagne ndo anajuana na mfalme. Kabla ya safari Louis aliwaita mabwana Paris waape kwamba watakuwa waaminifu kwa watoto wake kama yeye likimkuta lolote njiani, Joinville akaambiwa naye aape, akakataa, akasema mimi si mtu wako. Akakataa mbele ya mfalme aliyekuja kuwa rafiki yake wa karibu, na hakuna aliyemkata kichwa. Utaratibu ulikuwa hivyo.

Mzee, farasi walipandaje melini? Na hawa watu hawakuogopa bahari?

Swali zuri, na jibu analo yeye mwenyewe. Kutoka Auxonne walipakia mizigo kwenye boti wakashuka na mto Saône hadi Lyon, wale farasi wakubwa wa vita wakatembezwa ukingoni sambamba na boti, kisha wakafuata mto Rhône. Mwezi wa nane wakapanda meli Marseille. Ubavuni mwa meli kulikuwa na mlango, ukafunguliwa, farasi wakaingizwa ndani, halafu mlango ukafungwa na kuzibwa nyufa zote kwa makini kama mtu anavyoziba pipa, kwa sababu meli ikishakuwa baharini ule mlango wote unakuwa chini ya maji. Hebu tafakari hapo kidogo, farasi wako yuko nyuma ya mbao ambazo nje yake ni bahari tupu.

Nahodha akauliza kama wako tayari, mapadre wakaja mbele, wakaimba wimbo wa Roho Mtakatifu, tanga likajaa upepo na muda si mrefu nchi kavu haionekani. Kuhusu kuogopa, aliogopa na hakuficha, alisema ni mjinga wa kupindukia mtu anayethubutu kusafiri hivyo huku ana mali ya watu au ana dhambi kubwa moyoni, kwa sababu unalala usiku hujui asubuhi utajikuta chini ya bahari. Kwa hiyo ile Ijumaa ya kulipa madeni haikuwa wema peke yake, ilikuwa na woga ndani yake pia.

Mi nataka kujua vitani alikuwa shujaa kweli au maneno tu ya wazee wakikaa wanajisifu.

Kujisifu kupo, ila pembeni ya sifa anaweka mambo ambayo mtu wa kujisifu tu angeyaficha. Walitua Damietta, mji wa bandari wa Misri, mwezi wa 6 mwaka 1249, mji wakaukuta umeachwa wakauchukua kirahisi, wakadhani Misri yote itakuwa hivyo. Tarehe 8 Februari 1250 wakavuka maji kule Mansurah, ndugu wa mfalme, Robert wa Artois, akakimbilia ndani ya mji na watu wake bila kusubiri wenzake, wakafia humo. Joinville siku hiyo alikuwa analinda kidaraja kidogo, mishale inakuja tu, akaokota koti nene la kivita la Waislamu akalifanya ngao, ikasaidia, alipigwa mishale sehemu 5 tu na farasi wake sehemu 15. Katikati ya balaa hilo mkuu wa Soissons aliyekuwa pembeni yake anamtania kwamba hawa waache wapige kelele, siku hii tutakuja kuisimulia kwenye vyumba vya akina mama. Utani wa namna hiyo huutungi, lazima uwe uliusikia.

Kilichowamaliza hasa ni maradhi na njaa. Ilikuwa kwaresma, hawakuwa na samaki mwingine kambini isipokuwa wale wa mtoni waliokuwa wakila maiti, na yeye aliamini ugonjwa umetokea hapo. Leo ukisoma dalili zake unaona ni upungufu wa vitamini C, ule ugonjwa wa mabaharia: miguu inakauka na kuwa na madoa meusi, fizi zinaoza, na vinyozi walikuwa wanapita kukata nyama iliyokufa mdomoni ili mtu aweze kutafuna, kambi nzima unasikia vilio kama vya mwanamke anayejifungua. Padre wake aliugua, siku moja anasoma misa akaanza kuanguka, Joinville naye mgonjwa yuko kitandani na shati tu, akaruka miguu mitupu akamdaka kwa kumkumbatia, akamwambia malizia polepole sikuachii. Padre akamaliza misa, na hakusoma nyingine tena maisha yake.

Mwezi wa 4 jeshi likarudi nyuma na ndo wakatekwa, yeye yuko kwenye boti mtoni, galei (meli za makasia) za Sultani wa Misri zinakuja, wakashauriana wajisalimishe kwa nani. Mtunza stoo wake akasema yeye anashauri tukubali wote kuuawa, twende peponi. Joinville anaandika kwamba hawakumsikiliza. Basi, kasema hivyo tu kapita! Naiti mzima wa msalaba anapewa tiketi ya pepo anaikataa na wala hajitetei. Akatupa sanduku la vito vyake mtoni, na masalia ya watakatifu pia, na aliyemwokoa ni Mwislamu mmoja aliyeogelea hadi kwenye boti akamkumbatia, kisu kikiwa tayari kooni yule bwana anapiga kelele kwamba huyu ni binamu wa mfalme. Uongo huo ulimwokoa, japo baadaye alipoulizwa na mkuu wao akakiri kwamba si kweli. Alikuwa anatetemeka, kwa woga na kwa ugonjwa pia, wakamfunika na blanketi lake jekundu lenye manyoya ndani alilopewa na mama yake. Kooni alikuwa na uvimbe, maji anayokunywa yanatokea puani, watu wake wakaanza kumlilia, mpaka Mwislamu mwingine akampa dawa ya kunywa na kwa siku mbili akapona.

Ni kweli mfalme alikombolewa kwa hela? Na hela zilitoka wapi huko mbali?

Kweli kabisa. Mji wa Damietta ulirudishwa kuwa fidia ya mfalme mwenyewe, na kwa ajili ya watu wake ikakubaliwa livre 400,000, nusu ilipwe kabla hawajaondoka mtoni. Hapo katikati Wamamluki, wale askari wenye asili ya utumwa, wakamuua Sultani wao Turanshah, mwezi wa 5 tarehe 2, mateka wakadhani wamekwisha, ila dili likasimama. Hela zilipimwa kwa mizani, siku mbili nzima za kupima, Jumamosi na Jumapili, na mwisho zikapungua 30,000.

Joinville ndo akatoa wazo zikakopwe kwa Watempla, wale watawa wapiganaji waliokuwa wanatunza hela za watu. Kamanda wao akagoma, akasema hizi ni amana, tumekula kiapo kutompa mtu mwingine zaidi ya mwenyewe. Wakarushiana maneno makali. Marshali wao akawa mjanja zaidi, akasema kuzitoa kwa hiari hatuwezi ila mkizichukua kwa nguvu sisi tutafidiwa na za kwenu zilizoko Acre, mji wa Wakristo kwenye pwani ya Palestina. Ah! Joinville huyo mpaka kwenye galei yao, amekonda, nguo chafu, mtunza hazina anamkatalia funguo, akaona shoka limelala pale akaliokota, akasema hili ndo litakuwa funguo ya mfalme. Marshali akamshika mkono akampa funguo.

Na kuna kisa cha pili na Watempla hawahawa ambacho mi hunichekesha kila nikikisoma. Walipofika Acre alilipwa livre 400, akabaki na 40 za matumizi, 360 akaweka kwao. Alipotuma mtu kuchukua kidogo, kamanda akajibu kwamba hana hela yoyote ya Joinville na wala hamjui. Akaenda kulalamika kwa mkubwa wao, ambaye ni yuleyule marshali wa shoka amepanda cheo, akakasirikiwa yeye badala ya kusaidiwa! Siku nne anazunguka hana kitu, anasema hakuwa na hata sarafu ya kutumia, halafu mkubwa akaja anacheka, hela zako zimeonekana. Kamanda akahamishwa.

Wanawake mbona hamuwataji kwenye hizi habari? Mkewe alikuwa wapi?

Dada yangu umenishika pazuri. Mkewe Alix de Grandpré alibaki Joinville na watoto wawili, na siku ya kuondoka mumewe alitoka ngomeni miguu mitupu na shati tu, anakwenda kuhiji Blécourt na Saint-Urbain, akasema hakutaka kugeuza macho nyuma ili moyo usije ukalainika kwa ajili ya ngome yake nzuri na watoto wake. Ngome imetajwa, watoto wametajwa, mke hakutajwa! Tumwachie Mungu.

Malkia Marguerite yeye alikuwepo Damietta, mja mzito, na siku tatu kabla hajajifungua akaletewa habari kwamba mumewe katekwa. Chumbani alilindwa na naiti mzee wa miaka 80, akampigia magoti akamwomba kwamba maadui wakiingia mjini amkate kichwa kabla hawajamshika, mzee akamjibu usijali, nilishaliwazia hilo. Amejifungua tu, siku hiyohiyo anaambiwa Wapisa na Wajenoa, mabaharia wa miji ya Italia, wanataka kukimbia na meli kwa kukosa chakula, akawaita mbele ya kitanda chake, akaagiza chakula chote mjini kinunuliwe kwa gharama yake, zaidi ya livre 360,000, wakabaki. Bila yeye Damietta ingekuwa tupu, na mfalme angekosa kitu cha kujikombolea.

Cha kuchekesha ni cha baadaye: Joinville alikwenda kuhiji Tortosa, akamnunulia malkia vitambaa vinne vya kamloti, akavituma vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Malkia kuona kifurushi kile akadhani ni masalia ya mtakatifu, akapiga magoti, naiti aliyekibeba akashangaa naye akapiga magoti, wakabaki wanatazamana hivyo, mpaka alipoambiwa ni vitambaa. Akacheka akamlaani Joinville kwa kumpigisha magoti mbele ya nguo.

Kama alimpenda mfalme hivyo, kwa nini safari ya pili ya 1270 hakwenda? Aliogopa?

Wenzako wengi mmeuliza hili na mnadhani jibu ni woga. Kumbuka kwamba 1250 kule Acre, mabwana karibu wote walipomshauri mfalme arudi Ufaransa, Joinville alikuwa miongoni mwa wachache waliosema tubaki, kwa sababu maskini waliotekwa nasi bado wako gerezani na tukiondoka hawatoki tena. Wenzake wakamsema vibaya. Mfalme akabaki hadi 1254, anajenga kuta za Kaisaria, Jaffa na Sidon, na Joinville yuko naye, kwa mkataba. Na mkataba alijadiliana vizuri tu: manaiti wake watatu wenye bendera livre 400 kila mmoja, na 800 za farasi, silaha na chakula, mfalme akahesabu kwa vidole, akaona ni 2,000, akakubali. Ulipokwisha akasema hela sitaki tena, nataka tukubaliane kwamba nikikuomba kitu usikasirike, na ukininyima nami sitakasirika. Mfalme akacheka sana.

Kwa hiyo 1270 si woga. Wakati yuko ng'ambo ile miaka sita, maofisa wa mfalme wa Ufaransa na wa mfalme wa Navarre waliwakamua watu wake Joinville mpaka wakawa maskini, hakuna bwana wa kuwatetea. Sasa mfalme na mkuu wa Champagne wanambana abebe msalaba tena, akawajibu wazi kwamba akitaka kufanya atakalo Mungu atabaki nyumbani kuwalinda watu wake, na akienda huku akijua kwamba ni kwa hasara yao, atamkasirisha Mungu. Akaongeza kwamba waliomshauri mfalme aende walitenda dhambi kubwa, maana mfalme alikuwa dhaifu kiasi kwamba Joinville mwenyewe aliwahi kumbeba mikononi. Louis akafia Tunis tarehe 25 Agosti 1270.

Mwaka 1282 Joinville aliitwa Saint-Denis kutoa ushahidi kwenye uchunguzi wa utakatifu wa Louis, na 1297 Papa Boniface VIII akamtangaza mtakatifu. Baadaye akamwota mfalme amekuja kwenye kanisa lake la Joinville, amejaa furaha, akamkaribisha alale kwake, mfalme akacheka, akasema hana haraka ya kuondoka hapa. Joinville alipoamka akajenga altare ya mtakatifu Louis humohumo na kuitengea mapato ya kudumu. Halafu, mzee wa watu akiwa na miaka themanini na kitu, akamsimulia ndoto hiyo kijana Louis, mjukuu... samahani, kitukuu wa yule mfalme, na hapohapo akachomekea ombi: je, unaonaje ukituletea masalia kidogo ya babu yako, ili watu wanaokuja kusali kwenye altare yangu waongezeke?